Hesabu za hatua nyingi: askari huangukia wapi?

Yupo koplo mmoja katika mji wa Gitega ambaye jina lake hatutalitaja, kwa kuwa mwenyewe ametuomba tusilitaje. Mara mbili amefanya mtihani wa mchujo ili apate nafasi ya masomo ya kupanda cheo, na mara mbili jina lake halikuonekana katika orodha iliyobandikwa ukutani. Mwaka huu ataufanya kwa mara ya tatu, na kwa kuwa umri nao una mpaka wake katika mambo haya, hiyo itakuwa nafasi yake ya mwisho.

Koplo huyo si mvivu, wala si mzito wa akili. Tulimshuhudia kwa macho yetu akizidisha 48 kwa 25 kichwani, akatamka 1 200 kabla wenzake hawajashika kalamu. Insha anaiandika vizuri, na maswali ya maarifa ya jumla anayajibu bila kusita. Kinachomwangusha ni karatasi moja tu: ile ya hesabu za maneno, hesabu ambazo jibu lake halipatikani kwa hatua moja, bali kwa hatua tatu, nne au tano zinazofuatana kama askari katika safu, mmoja akijikwaa wote walio nyuma yake huanguka.

Wapo wengi walio kama yeye, jeshini na katika polisi. Ndiyo maana tuliona yafaa tulizungumze jambo hili katika ukurasa huu. Tulikwenda kukaa na vikundi viwili vya kujisomea: kimoja cha wanajeshi mjini Gitega, makao makuu ya kisiasa ya nchi yetu, na kingine cha askari polisi mjini Muyinga, kule kaskazini-mashariki, katika njia iendayo Kobero mpakani mwa Tanzania. Vyote viwili hukutana jioni baada ya kazi, chini ya taa moja, kwa madaftari na ubao wa kuazima. Tuliwapa hesabu moja ile ile, na kwa hakika tulijifunza mengi kuliko tuliyofundisha.

SWALI MOJA, MIJI MIWILI

Hesabu yenyewe ni hii: "Kambi ya askari 120 ina chakula cha siku 30. Baada ya siku 10 wanawasili askari wengine 30. Mgao wa kila askari kwa siku haubadiliki. Chakula kilichobaki kitatosha kwa siku ngapi?"

Huko Gitega koplo wetu aliinua mkono dakika moja haijatimia. "Kumi na nne, Afande." Tukamwuliza ameipataje. Akaeleza kwa sauti ya mtu asiye na shaka: posho zote ni 120 mara 30, yaani 3 600, watu wote ni 150, 3 600 kugawanya kwa 150 ni 24, siku 10 zimekwisha pita, basi zimebaki 14. Katika maelezo hayo hamna kosa hata moja la kuzidisha, wala la kugawanya, wala la kutoa. Hata hivyo jibu si la kweli.

Mwenzake aliyeketi kando alipata 25. Yeye alichukua siku 20 zilizobaki, akazizidisha kwa 150, akagawanya kwa 120. Tulimwuliza swali moja tu: "Ndugu yangu, wageni 30 wakiingia nyumbani kwako, unga wako utakaa siku nyingi zaidi au chache zaidi?" Akacheka, akafuta jibu lake mwenyewe bila kuambiwa.

Siku mbili baadaye tulikuwa Muyinga. Huko dada mmoja askari polisi, ambaye ndiyo mara yake ya kwanza kujiandaa kwa mtihani wa namna hii, alitumia dakika nne nzima. Dakika ya kwanza hakuandika kitu. Alikuwa akinong'ona kwa Kirundi, akijisimulia habari za kambi ile kana kwamba ni kisa cha jirani. Kisha akaandika mistari minne, kila mmoja ukiwa na jina lake:

Posho zilizokuwapo: 120 × 30 = 3 600.
Posho zilizoliwa kabla ya wageni kufika: 120 × 10 = 1 200.
Posho zilizobaki: 3 600 − 1 200 = 2 400.
Siku za kuwatosha watu 150: 2 400 ÷ 150 = 16.

Jibu ni siku 16. Sasa na tutazame kosa la koplo lilikuwa wapi. Alipogawanya posho zote 3 600 kwa watu 150, aliwalisha askari 30 kwa muda wa siku 10 ambazo walikuwa bado hawajafika kambini. Hizo ni posho 300, na posho 300 kwa watu 150 ni chakula cha siku 2. Ndizo hizo siku 2 zilizopungua katika jibu lake. Kumbe hakukosea hesabu, alikosea kisa.

Hapo ndipo tulipofahamu jambo ambalo twataka kila msomaji wa ukurasa huu alishike. Hesabu ya hatua nyingi haipimi ufundi wa kuzidisha. Inapima uwezo wa mtahiniwa kuyagundua maswali ya katikati, yale ambayo mtungaji hakuyauliza lakini jibu la mwisho haliwezi kupatikana bila hayo. Mtungaji aliuliza swali moja tu, "siku ngapi?" Dada wa Muyinga alijiuliza maswali mengine matatu kabla ya kulifikia hilo. Koplo wa Gitega aliruka moja, na hilo moja lilitosha kumwangusha.

JAMBO HILI SI GENI

Pengine atatokea mtu aseme kwamba askari hana haja ya mambo haya, kwamba kazi yake ni bunduki, doria na nidhamu. Mawazo hayo si sahihi, na historia yenyewe yayakanusha. Katika jumba la makumbusho la Uingereza, mjini London, imehifadhiwa hati ya mafunjo ya Misri ya kale iitwayo Anastasi I, ya karibu karne ya 13 kabla ya Kristo. Humo mwandishi mmoja aitwaye Hori anamdhihaki mwandishi mwenzake wa jeshi kwa kuwa hajui kazi yake. Na anamdhihaki kwa nini? Kwa hesabu! Anamtaka akadirie matofali ya kujengea tuta lenye urefu wa dhiraa 730 na upana wa dhiraa 55. Tena anamtaka agawe chakula kwa msafara wa askari 5 000, hali chakula kilicholetwa hakiwatoshi na askari wanangoja.

Basi zaidi ya miaka 3 000 iliyopita, katika bara letu hili hili la Afrika, mtu wa jeshi asiyeweza kugawa posho kwa watu wake alikuwa kichekesho. Sababu ni nyepesi kuiona. Kosa la kalamu katika daftari ya stoo leo asubuhi ni sufuria tupu ya kesho jioni.

HATUA NNE ZA KAZI

Mwaka 1945 mtaalamu wa hesabu George Pólya, mzaliwa wa Budapest ambaye alifundisha Zürich nchini Uswisi na baadaye Marekani, alitoa kitabu kidogo juu ya namna ya kutatua maswali ya hesabu. Aliigawa kazi hiyo katika hatua nne: kulielewa swali, kupanga njia, kuitekeleza njia hiyo, na kuangalia nyuma ulikotoka. Msomaji aliyepitia mafunzo ya kijeshi atatabasamu, maana hatua hizo hazitofautiani sana na namna tunavyopokea amri: unaielewa, unapanga, unatekeleza, unatoa taarifa.

Kuelewa maana yake ni kulisimulia swali kwa maneno yako, katika lugha unayoiota usingizini. Wengi wetu tulifundishwa hesabu kwa Kirundi katika madarasa ya chini, kisha kwa Kifaransa. Si aibu hata kidogo mtahiniwa kulisoma swali kwa Kifaransa na kujisimulia kwa Kirundi au kwa Kiswahili. Aibu ni kuanza kuzidisha kabla kisa hakijaeleweka. Mwalimu mmoja mstaafu anayekisaidia kikundi cha Muyinga ana desturi nzuri: huwaagiza wanafunzi wake wazifunike tarakimu kwa kiganja wanaposoma swali mara ya kwanza, ili wasikie habari kabla ya kuona namba.

Kupanga maana yake ni kuanzia mwisho na kurudi nyuma. Ninaulizwa siku. Ili nipate siku, nahitaji posho zilizobaki na idadi ya walaji. Walaji nawajua, ni 150. Posho zilizobaki sizijui. Ili nizipate nahitaji zilizokuwapo na zilizoliwa. Zote mbili naweza kuzipata kutoka katika swali. Njia imekamilika, na bado sijaandika hata tarakimu moja.

Kutekeleza ni hatua iliyo rahisi kuliko zote, nayo ndiyo pekee ambayo watu wengi huifanyia mazoezi. Sharti lake ni moja: kila mstari uwe na jina na kipimo chake. Namba isiyo na jina ni kama askari asiye na kitambulisho langoni. Hujui atokako wala aendako.

Kuangalia nyuma ni kujiuliza maswali mawili. La kwanza, je, jibu laingia akilini? Jibu la 25 lingekamatwa hapa. La pili, je, nikirudi kwa njia nyingine nitafika nilipoanzia? Siku 16 kwa watu 150 ni posho 2 400; siku 10 kwa watu 120 ni posho 1 200; jumla ni 3 600. Ghala limefunga sawasawa.

MSAFARA WA KUTOKA GITEGA

Njia ya kutoka Gitega kwenda Muyinga hupitia Karuzi, na wengi wenu mmeipita ndani ya malori. Na tuitumie kwa hesabu ya pili. Kwa wepesi wa hesabu tuchukue kwamba ni kilomita 90.

"Msafara wa malori 25 unaondoka Gitega. Kila lori lina urefu wa mita 8, na kati ya lori na lori pana nafasi ya mita 75. Lori la kwanza linavuka kizuizi cha Gitega saa 06:45. Msafara unakwenda kilomita 40 kwa saa, na wote kwa pamoja unasimama dakika 20 Karuzi. Mkia wa lori la mwisho utavuka kizuizi cha Muyinga saa ngapi?"

Katika hesabu hii pana mashimo mawili, nasi tulimwona mtu akitumbukia katika kila moja.

Shimo la kwanza ni nafasi. Malori ni 25, lakini nafasi zilizo kati yake ni 24, kama vile vidole vya mkono mmoja ni vitano na mianya yake ni minne. Basi urefu wa malori ni 25 × 8 = mita 200; urefu wa nafasi ni 24 × 75 = mita 1 800; urefu wa msafara wote ni mita 2 000, yaani kilomita 2.

Shimo la pili ni saa. Kilomita 90 kugawanya kwa 40 ni 2,25. Hapa wengi huandika saa 2 na dakika 25. La hasha! Sehemu 0,25 ya saa ni robo saa, nayo ni dakika 15. Twakiri hadharani kwamba sisi wenyewe, tulipokuwa wanafunzi wa uofisa, tuliandika dakika 25 mbele ya darasa zima, na tulikuwa na uhakika sawa na ule wa koplo wa Gitega. Tangu siku ile hatujaiandika saa yenye desimali bila kuzidisha ile sehemu kwa 60 pembeni mwa karatasi.

Sasa twende mbele. Mwendo ni saa 2 na dakika 15. Ongeza dakika 20 za Karuzi: saa 2 na dakika 35. Kuanzia 06:45, kichwa cha msafara kinafika Muyinga saa 09:20. Lakini swali halikuuliza kichwa, liliuliza mkia. Mkia uko nyuma kwa kilomita 2, na kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, kilomita 2 ni dakika 3. Jibu ni saa 09:23, ambayo kwa Kiswahili ni saa 3 na dakika 23 za asubuhi.

Mtahiniwa aliyeandika 09:20 amefanya kazi yote ngumu, kisha amelijibu swali ambalo hakuulizwa. Kabla ya kuweka kalamu chini, rudi ukaisome sentensi ya mwisho ya swali. Ni sekunde tano tu.

VIPIMO SI PAMBO

Kuna siku ambapo hesabu kama hizi zilichezea roho za watu 69. Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya abiria aina ya Boeing 767 ya shirika la Air Canada ilikuwa ikitoka Montreal kwenda Edmonton, ikipitia Ottawa. Ndege hiyo ilikuwa miongoni mwa zile za kwanza za shirika hilo kupimiwa mafuta kwa kilo, hali zile za zamani zilipimiwa kwa ratili. Mitambo ya kuonyesha kiasi cha mafuta ilikuwa imeharibika, hivyo mafuta yakapimwa kwa vijiti na kupigiwa hesabu kwa mkono.

Ilihitajika kilo 22 300. Katika matangi mlikuwamo lita 7 682. Hesabu yenyewe ni ya hatua tatu, ya mtoto wa shule: geuza lita ziwe kilo, toa katika zinazohitajika, kisha zigeuze kilo zinazopungua ziwe lita za kuongeza. Lakini namba ya kugeuzia iliyotumika ilikuwa 1,77, ambayo ni ratili kwa lita. Iliyopaswa kutumika ni karibu 0,80, ambayo ni kilo kwa lita.

Tazameni namna kosa lilivyotembea. Lita 7 682 mara 1,77 ni karibu 13 597, nao wakaziita kilo. Kutoa katika 22 300 zikabaki 8 703. Kugawanya kwa 1,77 ni karibu lita 4 917, nazo ndizo zilizotiwa. Kuzidisha ni sahihi, kutoa ni sahihi, kugawanya ni sahihi. Kumbe zilikuwa zikihitajika zaidi ya lita 20 000. Ndege iliruka ikiwa na chini ya nusu ya mafuta yake, na injini zote mbili zikazimika ingali angani. Rubani Robert Pearson, aliyekuwa na uzoefu wa kurusha ndege zisizo na injini, pamoja na mwenzake Maurice Quintal, waliielekeza kama tiara hadi Gimli, katika uwanja uliokuwa zamani wa jeshi la anga la Kanada, wakatua salama. Hakuna aliyekufa. Lakini si kila kosa humpata rubani wa namna hiyo.

Nasi tunayo mitego yetu. Katika shule zetu, kwa desturi ya Kifaransa, mkato hutenga desimali, na elfu hutengwa kwa nafasi, kama tunavyoandika katika makala haya. Kwa desturi ya Kiingereza mkato hutenga elfu, na desimali hutengwa kwa nukta. Tangu mwaka 2007 Burundi imekuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na tangu mwaka huo huo wanajeshi wetu walianza kwenda kulinda amani Somalia, ambako hati nyingi ziliandikwa kwa Kiingereza. Basi askari akiona katika hati "kilo 1,250", je, ni kilo moja na robo au ni zaidi ya tani moja? Asiyejua hati imeandikwa kwa desturi ipi asiguse kalamu kabla ya kuuliza.

Mtego mwingine ni saa. Kwa Kiswahili, na kwa Kirundi pia, tunahesabu saa tangu kuchomoza kwa jua; jeshi na Wafaransa huhesabu tangu usiku wa manane. Saa 06:45 ni saa 12 na dakika 45 za asubuhi. Mtahiniwa na achague saa moja tangu mstari wa kwanza, aende nayo hadi wa mwisho, na ageuze mara moja tu, mwishoni.

Tena tusisahau asilimia. Bidhaa ya faranga 50 000 ikipanda kwa asilimia 20 inakuwa 60 000. Ikishuka kwa asilimia 20 hairudi 50 000, bali inakuwa 48 000, kwa sababu asilimia 20 ya pili inachukuliwa katika 60 000. Kila uonapo neno "asilimia", uliza: asilimia ya nini?

MUDA NAO NI POSHO

Wengi watasema: "Dada wa Muyinga alitumia dakika nne, mtihani hautamngoja." Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuipuuzi. Tuchukue mfano wa karatasi ya maswali 20 kwa dakika 60. Hizo ni dakika 3 kwa kila swali, lakini hakuna amri kwamba maswali yote yale posho sawa. Mwenye busara hupita mara ya kwanza akiyamaliza yale ya hatua moja, dakika moja kila moja. Ikiwa hayo ni 10, zimebaki dakika 50 kwa maswali 10, yaani dakika 5 kwa kila moja, na dakika nne za yule dada si nyingi tena. Liliokukwamisha kwa dakika 5, liwekee alama uliache, ulirudie mwishoni. Kung'ang'ania swali moja hali mengine yanangoja ni ukaidi, wala tusiuite ushujaa.

Tena mazoezi ya kila siku hushinda mkesha wa siku ya mwisho. Haba na haba hujaza kibaba. Hesabu mbili kila jioni, zilizoandikwa mstari kwa mstari na kukaguliwa na mwenzako, zina faida kuliko hesabu 40 zilizofanywa mbio kwa usiku mmoja. Na mkaguzi asiseme "umekosa" tu. Amwonyeshe mwenzake ni swali lipi la katikati aliloliruka.

TULIVYOAGANA NA KOPLO

Tulipokuwa tukirejea kutoka Muyinga tulipitia tena kwa kikundi cha Gitega. Tuliwasimulia habari za mistari minne ya dada wa polisi. Koplo wetu alinyamaza kwa kitambo. Kisha akasema, "Afande, mimi miaka yote nimejizoeza kwenda mbio. Hakuna aliyeniambia kwamba mbio ndizo zinaniangusha."

Tukampa hesabu ya msafara. Safari hii alizifunika tarakimu kwa kiganja. Aliandika kwanza, upande wa chini kabisa wa karatasi, neno "mkia", akalizungushia duara. Alitumia dakika sita, na kati ya hizo alifuta mara mbili. Jibu lake lilikuwa 09:23.

Hatuwezi kuahidi kwamba jina lake litabandikwa ukutani mwaka huu. Mchujo ni mchujo, na nafasi daima ni chache kuliko wanaozitafuta. Lakini twajua kwamba sasa, ikiwa ataanguka, hataanguka kwa kuwalisha watu ambao hawajafika. Na ikiwa atapita, siku moja atakabidhiwa ghala, tangi la mafuta na msafara wa kweli, na watu watakaokula kwa hesabu yake hawatakuwa wa kwenye karatasi.

Kwa hiyo, ndugu askari wa jeshi na wa polisi, jioni ya leo chukueni kalamu mfanye zoezi hili, mkikumbuka kwamba mwenda pole hajikwai:

"Tangi la kambi linachukua lita 6 000, na sasa robo yake ina maji. Bomba linaingiza lita 45 kwa dakika, lakini tangi linavuja lita 15 kwa dakika. Bomba linafunguliwa saa 11 na dakika 50 alfajiri. Tangi litajaa saa ngapi?"

Jibu ni saa 2 na dakika 20 za asubuhi, yaani 08:20. Aliyepata vinginevyo asikate tamaa, wala asiharakishe kukagua kuzidisha kwake. Na atafute kwanza ni swali lipi la katikati alilosahau kujiuliza.